Kioo, Mchanga Uliopita Motoni

1. Kigae juu ya ukuta

Kaskazini ya mji wa Dar es Salaam, nyuma ya Kilima cha Wazo, pana mahali paitwapo Madale. Zamani palikuwa mashamba na vichaka. Siku hizi nyumba zimepanda mpaka juu ya vilima, na kila mwaka nyingine huongezeka. Malori huja na mchanga na saruji, mafundi hufyatua matofali, na kuta husimama. Ukuta ukiisha, mara nyingi mwenye nyumba hupanda vigae vya chupa juu yake, ili mwizi asithubutu kuuparamia. Jua la asubuhi likivipiga vigae hivyo, hung'aa rangi ya kijani, kahawia na nyeupe.

Watoto wapitao njiani hukanywa wasiviguse, maana hukata. Wengi hudhani kwamba kigae cha chupa ni takataka, na ya kuwa kazi yake ya mwisho ni hiyo ya kumtisha mwizi. Lakini kigae na ukuta ni ndugu wa tumbo moja. Ukuta ni mchanga ulioshikwa na saruji, na saruji hupikwa kwa mawe ya chokaa, kama yale yachimbwayo hapo Wazo, ambako kiwanda cha saruji kilianza kazi mwaka 1966. Kioo nacho ni mchanga na chokaa. Tofauti yao ni moto, na kitu kimoja zaidi kiitwacho magadi.

Habari za kioo zafaa kujulikana, kwa kuwa watu wa pwani hii walinunua kioo kutoka ng'ambo kwa muda wa miaka elfu mbili, na bei waliyolipa ilikuwa kubwa mno, hali mchanga ulikuwa chini ya nyayo zao.

2. Jinsi kioo kinavyofanywa

Mchanga mweupe safi ukitiwa katika moto mkali sana huyeyuka. Lakini moto huo hauna budi kufika digrii 1,700 hivi za sentigredi. Maji huchemka kwa digrii 100 tu, basi na ifikiriwe ukali wa moto huo! Mafundi wa kale hawakuweza kuupata. Ndipo walipogundua kwamba mchanga ukichanganywa na magadi huyeyuka kwa moto mdogo zaidi. Magadi ni kile chumvichumvi ambacho akina mama wengi hutia katika maharage yapate kuiva upesi. Huchimbwa kwa wingi katika Ziwa Magadi, nchi ya Kenya, na kampuni ya huko ilianzishwa mwaka 1911.

Walakini kioo cha mchanga na magadi peke yake kina ubaya wake: maji hukiyeyusha polepole. Kwa hiyo hutiwa chokaa, ambayo hukifanya kiwe kigumu na kuvumilia maji. Basi hivyo vitu vitatu, mchanga, magadi na chokaa, ndivyo asili ya chupa nyingi, bilauri na vioo vya madirisha.

Mchanga wa mitoni, ufaao sana kwa kujengea, mara nyingi haufai kwa kioo cheupe. Una udongo ndani yake, na kutu ya chuma. Chuma kidogo tu chatosha kukigeuza kioo kiwe kijani, na hiyo ndiyo sababu chupa nyingi za zamani zilikuwa za rangi hiyo. Mafundi hutia rangi nyingine kwa makusudi, kwa kuongeza unga wa madini mbalimbali. Madini yaitwayo kobalti huleta rangi ya samawati, na shaba huweza kuleta kijani au hata wekundu.

Kioo kikiisha kuyeyuka huwa kama asali nzito inayowaka. Fundi huchukua bomba refu la chuma, huchovya ncha yake, na kuinua tonge la kioo. Hulivingirisha juu ya bamba la chuma, kisha hupuliza kwa kinywa, na tonge huvimba. Hana nafasi ya kukawia: kikipoa kidogo hakifuati tena mkono, na hapana budi kukirudisha motoni. Ufundi huu wa kupuliza ulianza katika nchi za Shamu, karibu na wakati wa kuzaliwa kwake Yesu Kristo. Kabla ya hapo chombo cha kioo kilikuwa mali ya wafalme. Baadaye hata mtu wa kawaida aliweza kununua kikombe.

Kazi haiishi hapo. Chombo kikiachwa upeponi, ngozi ya nje hupoa kabla ya ndani, nacho hupasuka. Kwa hiyo hutiwa katika tanuru la pili lenye moto mpole, na moto huo hupunguzwa kidogo kidogo, labda usiku kucha. Fundi asiye na subira hufungua mapema, naye hukuta vigae.

3. Shanga kutoka ng'ambo

Katika karne ya kwanza, baharia mmoja aliandika kwa Kiyunani kitabu cha safari na biashara, kiitwacho Periplus wa Bahari ya Eritrea. Akaeleza habari za pwani hii, na za soko lililoitwa Rapta. Mahali pa Rapta hapajulikani kwa hakika, ila wataalamu wengi hudhani palikuwa katika pwani ya Tanzania. Miongoni mwa bidhaa zilizoletwa pwani hii, mwandishi ametaja mikuki, mashoka, visu, na vitu vya kioo. Vilivyochukuliwa ni pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa. Mwaka 1999 mtaalamu Felix Chami, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitangaza habari za shanga za kioo zilizochimbuliwa upande wa Rufiji, zilizo za zama zile za Warumi. Hivyo udongo ulishuhudia maneno ya kitabu.

Baadaye miji ya Waswahili ilistawi. Kilwa, ambako msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331, ulikuwa mji wa biashara ya dhahabu na pembe. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta huko shanga ndogo nyingi mno, nyekundu, njano, kijani na nyeusi. Nyingi zilitoka Bara Hindi. Mafundi wa huko walivuta kioo cha moto mpaka kikawa mrija mwembamba mrefu, wakaukata vipande vidogo, kisha wakavilainisha kwa moto. Hata leo wataalamu huweza kupima kioo cha ushanga na kutambua ulikotoka, kwa kuwa kila nchi ilikuwa na mchanga wake na magadi yake.

Karibu na Madale pia upo ushahidi. Kunduchi, upande wa bahari, pana magofu ya msikiti na makaburi ya kale yenye nguzo, na nguzo nyingine zilipambwa kwa mabakuli ya kaure kutoka China. Kaure si kioo, ni udongo uliochomwa. Lakini ule mng'aro wake wa juu ni ngozi nyembamba ya kioo iliyoyeyukia juu ya udongo. Hivyo wazee wa Kunduchi waliwaheshimu wafu wao kwa kitu king'aacho kilichovuka bahari.

4. Ushanga ulipokuwa fedha

Karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo na pwani nyingine kwenda bara. Huko sarafu hazikutumika sana. Watu walinunua kwa nguo, waya na shanga. Wapagazi walibeba magunia ya shanga mabegani, mzigo wa mtu mmoja ukiwa ratili 70 hivi. Shanga zilitungwa katika uzi ulioitwa kete, na kete 10 zilifanya fundo 1. Kwa kete msafara ulipata unga, kuku, maji na ruhusa ya kupita.

Kila nchi ilikuwa na rangi yake. Shanga nyekundu zilizoitwa samesame zilipendwa mahali pengi. Nyeusi zilipokewa Ugogo, na kwingine zilikataliwa kabisa. Henry Stanley, aliyeondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, alisumbuka sana kuchagua, kwa maana mwenye rangi isiyotakiwa angeweza kulala na njaa huku gunia lake limejaa.

Shanga nyingi za wakati huo zilitoka Venice, nchi ya Italia, zikapita Unguja. Huko Ulaya zilifanywa kwa gharama ndogo. Huku Afrika zilitolewa kwa pembe za ndovu na, jambo la kuhuzunisha zaidi, hata kwa watu waliotiwa utumwani. Ushanga wenyewe hauna hatia. Lakini mwenye kujua kazi ya kioo alikuwa na nguvu juu ya asiyeijua, naye aliweza kutoa kidogo na kupokea kingi.

Wala isidhaniwe kwamba watu wa Afrika hawakuujua moto. Zaidi ya miaka 1,500 iliyopita wahunzi wa Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, waliyeyusha chuma katika matanuru ya udongo kwa mivukuto, na moto wao ulikuwa mkali sana. Mavi ya chuma yanayookotwa mahali pa matanuru hayo hung'aa yakivunjwa, kwa kuwa ni namna ya kioo. Katika Afrika Magharibi, mafundi wa mji wa Ife, nchi ya Nigeria, walifanya kioo chao wenyewe tangu karne ya 11 hivi. Na karibu na mto Limpopo, zama zile zile, watu waliziyeyusha shanga ndogo za ng'ambo wakazifanya kuwa shanga nene za namna yao. Kwa hiyo mkono ulikuwapo na moto ulikuwapo. Katika pwani hii kilichokosekana ni ile elimu ya kuchanganya vitu vitatu, ambayo wenye nayo waliificha.

5. Kisiwa cha mafundi

Siri hiyo ilifichwa namna gani? Mwaka 1291 serikali ya Venice iliamuru matanuru ya kioo yahamishwe mjini, yapelekwe kisiwa kidogo cha Murano. Sababu moja ilikuwa hatari ya moto, maana nyumba nyingi za mji zilikuwa za miti. Lakini kisiwani ilikuwa rahisi pia kuwalinda mafundi. Waliheshimiwa na kupewa haki kubwa, ila walikatazwa kuhama na kufundisha ufundi wao nchi nyingine. Mtoto alirithi kazi kwa baba, na kwa muda mrefu Murano iliongoza Ulaya kwa kioo kizuri.

Hata siri iliyolindwa hivyo haikukaa milele. Wako waliotoroka, na nchi nyingine zikajifunza. Dola ya Venice ilipoanguka mwaka 1797, kazi ya Murano ilidhoofika, na ufundi mwingi wa wazee ulikaribia kusahauliwa. Ndipo padre mmoja wa kisiwa hicho, Vincenzo Zanetti, alipoanzisha nyumba ya makumbusho ya kioo mwaka 1861. Akakusanya vyombo vya kale ili mafundi wavione na kujifunza, na pamoja na makumbusho ikawekwa shule ya kuchora kwa ajili yao. Kazi ya kisiwa ikafufuka. Makumbusho hayo yapo hata leo, nayo yafundisha kwamba chombo kilichohifadhiwa chaweza kumfundisha mtu ambaye mwalimu wake amekwisha kufa.

6. Moto wawashwa huku

Siku hizi kioo hufanywa Afrika Mashariki yenyewe. Katika Chang'ombe, wilaya ya Temeke, pana kiwanda cha chupa kiitwacho Kioo Limited. Katika kiwanda cha namna hiyo mtu hapulizi kwa kinywa. Tone la kioo cha moto huangukia ndani ya kalibu ya chuma, mashine hupuliza upepo, na chupa hutoka, kisha nyingine, usiku na mchana. Tanuru halizimwi kwa miaka, kwa kuwa likipoa kioo huganda ndani yake na kuliharibu.

Pamoja na mchanga mpya, matanuru hayo hulishwa vigae. Hilo ni jambo la ajabu katika kioo: kikiyeyushwa tena hakipungui ubora wake, tena vigae huyeyuka kwa moto mdogo kuliko mchanga mpya, na kwa hiyo huokoa kuni za kiwanda, yaani gesi au mafuta. Wahenga husema, maji yakimwagika hayazoleki. Kioo si kama maji. Kikivunjika chaweza kuzolewa, na kuwa kizima mara ya pili na mara ya mia.

Wako na mafundi wa mkono. Kitengela, karibu na Nairobi, msanii Nani Croze alianzisha kazi ya vioo vya rangi katika miaka ya 1980, na mwanawe Anselm akawasha tanuru la kupuliza kioo. Hutumia vioo vya madirisha na chupa zilizotupwa, wakafanya bilauri, taa, shanga na madirisha ya rangi. Arusha nako, tangu mwaka 2007, ipo karakana iitwayo Shanga. Wafanya kazi wake wengi ni watu wenye ulemavu, na miongoni mwao wako viziwi, ambao huzungumza kwa ishara za mikono. Huko chupa tupu huyeyushwa na kupulizwa kuwa bilauri na mapambo, na shanga hufanywa pia.

Na hapo pana jambo la kufikiri. Babu zao walilipa pembe za ndovu kwa shanga zilizotoka ng'ambo. Leo fundi wa Arusha, ambaye labda watu walimwona hawezi kazi, hufanya ushanga kwa chupa iliyookotwa, na mgeni kutoka ng'ambo huununua na kwenda nao kwao. Biashara imegeuza uso wake.

7. Nyumba ya kutunza mambo ya kale

Anayetaka kuona habari hizi kwa macho yake aweza kwenda Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, Dar es Salaam, yaliyofunguliwa mwaka 1940. Humo mna vitu vilivyochimbuliwa Kilwa, na shanga zilizovuka bahari karne nyingi zilizopita. Ni ndogo kama punje za mtama, na mwenye haraka huzipita asizione.

Lakini vitu vyote vya kale havimo ndani ya nyumba. Vingi vingali ardhini, katika magofu ya pwani, na mvua ikinyesha shanga huweza kuonekana juu ya udongo. Anayeziona asiziokote. Ushanga uliolala mahali pake huweza kumwambia mtaalamu ni wa zama zipi, kwa tabaka ya udongo uliomo na kwa vitu vilivyo karibu yake. Ukiisha kutiwa mfukoni huwa bubu. Mtu aliyeuona na amwambie mwalimu wake, ili habari ifike kwa watunzaji wa mambo ya kale.

Vigae vya njiani ni habari nyingine: hivyo yafaa viokotwe, ila kwa uangalifu. Mguu mtupu ukikanyaga kigae huumia vibaya, na kigae hakiozi. Chaweza kukaa ardhini miaka mingi sana na ukali wake. Chupa nzima ya soda hurudishwa dukani, ikaoshwa na kujazwa tena. Iliyovunjika hukusanywa na mtu mzima kwa koleo au kwa mikono iliyovikwa, ikatengwa na takataka nyingine, na kupelekwa kwa wanunuzi wa vigae.

Basi mtoto wa Madale apitaye chini ya ukuta, akiona kigae cha kijani kinang'aa, aweza kujua kwamba ndani yake umo mchanga wenye chuma kidogo, magadi na chokaa, na moto uliozidi sana ule wa jikoni. Wazee wake walivitembelea vitu hivyo siku zote, wakanunua kwa wageni kile kilichofanywa kwavyo. Yeye amekwisha kuambiwa vinavyochanganywa.

Maswali

1. Vitu vitatu vifanyavyo kioo ni vipi, na kila kimoja kina kazi gani?
2. Kwa nini chombo cha kioo hupozwa polepole?
3. Mtaalamu ajuaje nchi ushanga wa kale ulikotoka?
4. Eleza kwa nini Murano ilihitaji nyumba ya makumbusho.
5. Kwa nini ushanga wa magofuni usiokotwe, na kigae cha njiani kiokotwe?